TV ya kichogo inaleta picha za ajabu? Isome kioo kwanza kabla hujaifungua

Wakuu, najua kuna watakaosema nani bado ana TV ya kichogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, ila ukizunguka mitaani utaziona bado zinapiga kazi, kwa bibi kijijini, kwenye vibanda vya gemu, juu ya kabati la duka, na siku hizi kuna vijana wanazitafuta makusudi kwa ajili ya gemu za zamani maana zile gemu zilitengenezwa kwa kioo cha namna ile na kwenye flati hazitoki vizuri, halafu ukibonyeza kuna kuchelewa fulani hivi. Shida mafundi wanaozijua wanapungua, na waliobaki baadhi yao ukimpelekea jibu ni moja tu, "flaibaki hiyo imekufa", yaani ile transfoma inayotoa umeme mkubwa wa kioo, kumbe ni kapasita moja ndogo, kidude cha kutunza chaji, ambacho bei yake haifiki hata ya soda.

Kitu nataka ukishike ni kwamba TV ya aina hii inakwambia yenyewe inaumwa wapi. Picha inajengwa na sakiti kadhaa kila moja na kazi yake, kuna inayovuta mwale wa elektroni unaochora picha kushoto kulia, kuna ya juu chini, kuna inayogawa rangi, kuna inayotoa umeme mkubwa wa kuwasha kioo, na kila moja ikigoma inaacha alama yake kwenye picha. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi kaa mbele ya TV uiangalie vizuri, umbo la picha likoje, rangi zikoje, mwanga ukoje, hapo tayari umeshajua uende kona gani ya bodi.

Kwa wasiojua ndani kukoje, kwa kifupi tu. Kwenye shingo ya tyubu, yaani lile chupa kubwa la kioo lenyewe, kuna bunduki tatu za elektroni, nyekundu, kijani na bluu, zenyewe hazina rangi yoyote ila kila moja inapiga nukta zake za unga uliopakwa nyuma ya kioo. Zinapashwa moto na hita ya volti 6.3, ndo ule mwanga wa rangi ya chungwa unaouona shingoni TV ikiwaka. Mbele kuna umeme mkubwa, kwa TV ya inchi 14 mpaka 21 ni kama volti 20,000 hadi 25,000, ambao unazivuta elektroni zigonge kioo. Na yoku, zile koili za shaba zilizovalishwa shingoni, ndo inayoupeleka mwale huku na huku uchore mistari. Kwa mfumo wetu wa PAL ni mistari 625 kwa picha na picha 25 kwa sekunde (kila picha inachorwa kwa nusu mbili, ndo nusu 50), maana yake sakiti ya kushoto kulia inapiga mara 15,625 kwa sekunde, na ule mlio mwembamba ambao watoto wanausikia na wazee hawausikii ndo huo.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni TV kweli

Hii watu wanairuka halafu wanapoteza siku nzima. Bonyeza menyu ya TV, au badilisha chaneli ile namba itokee kwenye kioo. Maandishi ya TV yanatengenezwa ndani ya TV yenyewe, hayatoki kwenye king'amuzi wala kwenye waya. Kama picha ni mbovu ila maandishi yametoka safi, yamenyooka, rangi zake nzuri, basi kioo, yoku, flaibaki vyote vizima, tatizo mara nyingi ni kile unachoiletea TV. Kama na maandishi nayo yamepinda au yana rangi moja, basi mgonjwa ni TV.

Picha ikiwa chenga tupu na TV inatumia antena peke yake, hiyo TV wala haiumwi. Tanzania tulianza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012 kuanzia Dar, Kenya wakafuata 2015, kwa hiyo bila king'amuzi utaangalia chenga mpaka uchoke. Tena chenga zikiwa zimejaa kioo kizima na ni nyeupe na nyeusi safi hiyo ni dalili nzuri sana ukiwa unanunua TV ya mkononi, maana yake karibu kila kitu ndani kinafanya kazi.

Picha isiyo na rangi, yaani nyeusi na nyeupe tu, mara nyingi ni mfumo. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi au deki uangalie kama imewekwa NTSC, ule mfumo wa Marekani na Japani, irudishe PAL, na upande wa TV mfumo wa rangi uuache AUTO. Nyingine ni waya wa njano umechomekwa kwenye tundu la kijani nyuma ya deki, lile tundu linatoa mwanga bila rangi, picha inatoka nzuri kabisa ila haina rangi na mtu anaanza kulaumu TV. Picha inayopanda juu mfululizo kama inakimbia, hasa ukiwa na gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani au Japani, ni kwa sababu inatoa nusu picha 60 kwa sekunde na TV yako ya zamani inajua 50 tu, zile za zamani kabisa zina kitasa nyuma cha kushikilia picha, kizungushe taratibu mpaka itulie. Na watu kuwa warefu wembamba ni king'amuzi kimewekwa 16:9, weka 4:3 maisha yaendelee.

Hapa kwenye usalama soma mara mbili

Sijazi nafasi, TV hii inaweza kukuua hata ikiwa imechomolewa ukutani. Kuna sehemu mbili zinazotunza chaji. Ya kwanza ni kapasita kubwa ya volti 400 iliyopo karibu na pale umeme unapoingia, umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa unakaa humo kama volti 325 na usiku mzima unaweza ukapita bado umo. Ichukue balbu ya nyuzi ya wati 60 yenye waya mbili uiguse kwenye miguu ya hiyo kapasita sekunde kadhaa, halafu hakiki kwa mita. Usiipige shoti na bisibisi, cheche inaruka na unaweza kuharibu njia za bodi.

Ya pili ni tyubu yenyewe. Pale juu ya tyubu kuna kikombe cha mpira chenye waya mnene unaotoka kwenye flaibaki. Chukua bisibisi bapa ndefu yenye mpini wa plastiki, funga waya kwenye chuma chake, upande wa pili wa waya ubane kwenye ule waya mtupu uliosukwa unaopita mgongoni mwa tyubu, mkono wako mmoja uweke nyuma, halafu ingiza ncha chini ya kikombe mpaka iguse chuma. Utasikia tak. Subiri dakika chache urudie tena, chaji huwa inajirudisha kidogo. Na usiishike shingo ya tyubu kama mpini wa kubebea, ni kioo chembamba, ikikatika umemaliza kila kitu.

Kingine ambacho kinawachanganya wengi ni ardhi mbili. Bodi ya TV imegawanyika, upande wa umeme wa ukutani una ardhi yake na upande wa picha una ardhi yake. Ukipima volti za upande wa picha waya mweusi wa mita uweke kwenye bati la tyuna, kile kiboksi panapochomekwa antena, ukipima upande wa pawa uweke kwenye hasi ya ile kapasita kubwa. Ukichanganya utasoma namba za uongo ukaanza kubadilisha vitu vizima.

Vifaa sio vingi, mita ya kidijitali, pasi ya kulehemu ya wati 40, lehemu, pampu ya kunyonya, burashi ya rangi kavu, spiriti, na kioo cha kujitazamia. Hicho kioo kiweke mbele ya TV ili ukiwa nyuma unazungusha kitu uone picha bila kunyoosha shingo juu ya flaibaki. Na kabla ya chochote piga picha kwa simu kila upande, plagi zote zilivyokaa.

Umebaki mstari mmoja katikati

Hii ndo maarufu kuliko zote. TV inaongea vizuri ila kwenye kioo kuna mstari mweupe umelala katikati toka kushoto mpaka kulia, juu giza chini giza. Punguza mwanga hapo hapo, au zima, maana mwale wote unapiga sehemu moja na utachoma unga wa kioo, ukishachomeka haurudi. Maana yake sakiti ya kushoto kulia nzima, umeme mkubwa upo, iliyokufa ni ya juu chini.

Fuata waya za yoku mpaka zinapoingia kwenye bodi, karibu na hapo kuna IC, kile kidude cheusi chenye miguu mingi, iliyofungwa kwenye bati la kupozea, kwenye TV nyingi za inchi 14 na 21 utakuta LA7840, LA7830, TDA3653 na ndugu zake. Anza na macho. Geuza bodi uangalie miguu ya hiyo IC na plagi ya yoku kwenye mwanga mkali, tafuta kiduara chembamba cheusi kuzunguka mguu, huo ni ufa wa lehemu, na kwa TV ambayo imewaka miaka 20 ikipata moto na kupoa kila siku hiyo ndo sababu ya kwanza kabisa. Nyonya lehemu ya zamani yote, weka mpya, usipake juu ya ile ya zamani.

Kama lehemu iko vizuri, washa upime umeme wa hiyo IC, kwa nyingi ni volti 24 mpaka 26 hivi, zipo zinazotumia volti mbili tofauti. Ukikuta sifuri rudi nyuma kwenye njia hiyo utakuta rezista ndogo ya usalama, ya chini ya om 5, imekatika. Sasa hapo usibadilishe rezista peke yake ukawasha, ile haikatiki yenyewe bila sababu, mara nyingi IC imepiga shoti ikaivuta, kwa hiyo badilisha vyote viwili. Na tafadhali usiweke waya badala ya rezista, najua mtaani inafanyika, kesho yake IC ikipiga shoti tena inakwenda na flaibaki.

Kuna TV mpya mpya kidogo ambazo zikiona ya juu chini imekufa zinafunga kioo kabisa ili zisichome unga, kwa hiyo unapata sauti na kioo cheusi na fundi anakwambia tyubu imekufa. Dawa yake ni ndogo, kwenye flaibaki kuna vitasa viwili, cha juu kimeandikwa FOCUS na cha chini SCREEN, weka alama kwa kalamu pale cha SCREEN kilipo, kipandishe kidogo sana. Ukiona mstari umetokea katikati basi ni kesi ile ile ya juu chini. Kirudishe kwenye alama.

Picha kujikunja juu na mistari myeupe ya mlazo ikaonekana sehemu ya juu, au picha kufupika ikaacha nafasi nyeusi juu na chini, hizo ni kapasita zimekauka kuzunguka IC hiyo hiyo. Ya kwanza kuitilia shaka ni ile ya 100µF volti 35 iliyokaa pembeni kabisa ya IC, kazi yake ni kuipa IC nguvu ya ziada mwale unaporudi juu. Weka mpya ya volti 50 inayovumilia joto la digrii 105. Na kama picha inaanza ikiwa fupi halafu baada ya dakika kumi inajaa yenyewe, chukua drayari ya nywele upulize kapasita moja moja TV ikiwa ya baridi, ile ukiipuliza picha ikanyooka ndo mbaya wako. Drayari iwe mbali na shingo ya tyubu.

Sasa ukiona mstari umesimama, toka juu mpaka chini, hiyo ni tofauti kabisa. Flaibaki inafanya kazi, ndo maana kuna mwanga, ila umeme haufiki kwenye koili za kushoto kulia za yoku. Karibu kila mara ni plagi ya yoku imeungua au lehemu yake imepasuka, mara chache ni ile kapasita kubwa ya plastiki iliyo kwenye njia hiyo. Hii ni rahisi kutengeneza ila usiiache iwake hivyo, plagi inachomeka mpaka bodi inakuwa mkaa.

Pembeni kumepinda au kumebana

Picha ikibana kushoto na kulia kwa pamoja, pima umeme mkuu unaokwenda kwenye flaibaki, kwa TV ndogo ni kama volti 103 hadi 115, kubwa zinafika 130 na zaidi kidogo, mara nyingi namba imeandikwa kwenye bodi penyewe. Ikiwa chini, angalia kapasita ya volti 160 iliyo kwenye hiyo njia. Pembeni za picha zikicheza kama nyoka taratibu, na labda vivuli viwili vipana vinapanda kwenye picha, hiyo ni ile kapasita kubwa ya volti 400 imekauka, haichuji tena umeme wa ukutani. Ukiitoa usishangae ikiwa haijavimba, nyingi zinakauka bila kuvimba.

TV za inchi 25 kwenda juu zina sakiti ya ziada ya kunyoosha pembeni, ikifa picha inakuwa na kiuno, imebana katikati na kutanuka kwenye kona, au inapanuka mpaka maandishi yanatoka nje ya kioo. Kagua transista yake na koili iliyo jirani, lehemu kwanza kama kawaida.

Onyo hapa. Usipandishe umeme mkuu ili picha ijae, na usibadilishe zile kapasita za volti 1600 zilizo karibu na transista kubwa ya flaibaki kwa namba yoyote uliyoikuta kwenye boksi la spea. Zile ndo zinapangia umeme mkubwa kiwango chake, ukiweka ndogo umeme wa tyubu unaruka juu, transista inapasuka, na kwenye kiwango kikubwa kupita kiasi tyubu inaanza kutoa mionzi ya eksirei. Namba ile ile, volti zile zile, aina ile ile, hakuna mjadala.

Kioo kinawaka chote kikiwa na mistari

Kioo cheupe kinang'aa vibaya, mistari myembamba ya mlazo inaonekana, kupunguza mwanga kwa rimoti hakusaidii kitu. Wengi wanakimbilia kushusha SCREEN, picha inapungua ukali lakini haiwi picha. Nenda kwenye bodi ndogo iliyochomekwa kwenye shingo ya tyubu, pima umeme unaozilisha transista za rangi, ni kama volti 180 hadi 200. Ukiwa haupo, volti za kathodi zote tatu, zile ncha za bunduki zinazotoa elektroni, zinashuka na bunduki zinamwaga elektroni bila breki. Unatoka kwenye flaibaki, unapita rezista ndogo, dayodi, na kapasita ya 10µF volti 250. Rezista ikikatika unapata hicho kioo cheupe, kapasita ikikauka unapata picha yenye mikia, yaani maandishi meupe yanavuta kivuli kuelekea kulia. Hiyo kapasita ni ya kubadilisha hata kama hujaulizwa, TV ikifika kwangu kwa tatizo lolote huwa naibadilisha tu.

Kioo kikiwa giza kabisa na sauti ipo, zima taa ya chumbani uchungulie shingoni kupitia matundu ya kifuniko. Hita inawaka? Kama haiwaki, ni lehemu ya soketi ya tyubu, rezista yake, au hita imekatika, toa bodi ya shingoni upime miguu ya hita, tyubu nzima inasoma om chache tu. Usihangaike kupima hizo volti 6.3 kwa mita ya kawaida, zinatoka kwenye flaibaki kwa kasi ile ya 15,625 na mita itakudanganya, macho yanatosha. Kama inawaka, sogeza mkono karibu na kioo TV inapowashwa, ukisikia vinyweleo vinasimama umeme mkubwa upo, kwa hiyo rudi kwenye jaribio la SCREEN.

Rangi moja imekimbia, au imetawala

Weka picha yenye sehemu nyeupe uiangalie. Nyeupe ikiwa ya njano, bluu haipo. Ikiwa ya bluu ya kijani kama maji ya bahari, nyekundu haipo. Ikiwa ya waridi inayokwenda zambarau, kijani hakipo. Na ukikuta kioo kizima kimejaa rangi moja yenye mistari ya mlazo, hiyo rangi haijakosekana, imezidi, bunduki yake imefunguka.

Vyote viwili vinaanzia kwenye bodi ya shingoni. Utaona transista tatu zinazofanana, mara nyingi 2SC2482, au IC moja kama TDA6107 inayofanya kazi ya zote tatu. Pima kila kathodi, picha ya kawaida inakuwa kama volti 100 hadi 150 na tatu zote zinakaribiana, rangi iliyokimbia itasoma juu karibu na 180, iliyotawala itasoma chini sana. Ila utajuaje kama ni bodi au ni tyubu? Zima, toa chaji, geuza waya au rezista mbili zinazokwenda kwenye kathodi, mfano nyekundu umpe kijani na kijani umpe nyekundu. Washa. Kama nyekundu ndo iliyokuwa haipo na bado haipo, bunduki ya nyekundu imechoka, pole. Kama sasa kimekosekana kijani, tyubu iko salama, transista ya nyekundu au rezista yake ndo mbovu, na hiyo ni kazi ya nusu saa.

Rangi ikitawala ghafla halafu inaacha, gonga shingo taratibu sana kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Ikiruka ruka ukigonga basi ndani ya tyubu kathodi inagusana na hita. Huwezi kuifungua ila kuna ujanja wa mafundi unaofanya kazi vizuri, unakata njia ya hita kwenye bodi, unazungusha waya wenye ganda zuri kwenye chuma cha flaibaki upande ulio wazi, mzunguko mmoja kwanza, unaangalia mwanga wa hita, ukiwa hafifu unaongeza wa pili, halafu unaupeleka moja kwa moja kwenye hita bila kuugusisha na ardhi. Sasa hita inaelea, hata ikigusana na kathodi hakuna pa kuvuja. Nimeona TV zimeishi miaka kwa staili hiyo.

Ukungu wa picha, hasa sisi wa pwani

Watu wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba hii mnaijua, TV ikiwashwa asubuhi picha ina ukungu maandishi hayasomeki, baada ya dakika kumi au ishirini inajisafisha yenyewe. Watu wanasema tyubu inachelewa kuchemka. Hapana. Ni soketi ya tyubu, ile plastiki inayovaa shingo, ndani yake kuna kijumba cha umeme wa fokasi ambao ni maelfu ya volti, unyevu na chumvi ya bahari vinaingia vinaota kutu ya kijani, umeme unavuja. Ikipata joto inakauka kidogo, picha inarudi, kesho tena. Kuzungusha kitasa cha FOCUS kunasaidia wiki mbili tu halafu utazungusha mpaka mwisho. Badilisha soketi, hesabu miguu na angalia umbo kabla ya kununua, Kariakoo pale Dar au Luthuli Avenue pale Nairobi bado zinapatikana, zisipopatikana toa kwenye TV nyingine iliyokufa iliyokaa bara.

Ukisikia mlio wa kuchemka kama mafuta kwenye kikaango na harufu kali ya umeme, ni umeme mkubwa unavuja kwenye kikombe cha mpira kilichoshika vumbi. Toa chaji, inua kikombe, safisha kioo na mpira kwa spiriti, acha vikauke kabisa saa kadhaa. Flaibaki yenyewe ikiwa na ufa unaotoa cheche, badilisha, silikoni inashika kwa muda mfupi tu.

Watu wa Unguja wana hazina humo ndani, kule TV ya rangi ilianza 1973 wakati bara tumesubiri mpaka 1994, bado kuna seti za zamani sana zimehifadhiwa kwenye nyumba za watu, na nyingi tatizo ni hii hii kutu ya chumvi tu.

Madoa ya rangi kwenye kona

Doa la kijani au zambarau lisilosogea, picha ikibadilika lenyewe lipo pale pale. Sumaku hiyo. Sogeza sabufa, spika, hata stabilaiza yenye transfoma kubwa. Halafu zima TV kwa swichi yake kubwa, sio kwa rimoti, iache nusu saa, washa. Ule mlio wa "dumm" unaposikika ndo koili iliyozunguka kioo inafuta sumaku, na inafanya hivyo TV ikiwa ya baridi tu, kwa hiyo mtu anayezima kwa rimoti mwaka mzima madoa hayatoki ng'o. Usiposikia dumm, angalia posista, kile kidude cheusi chenye miguu miwili au mitatu karibu na plagi ya hiyo koili, kinakufa sana. Na kikipiga shoti kinachoma fyuzi kila ukiwasha, kichomoe tu ujaribu bila hicho.

Madoa yakibaki kwenye kona hata baada ya hapo na TV ni ya mtumba kutoka Ulaya, jua kwamba tyubu zilikuwa zinarekebishwa kiwandani kulingana na sumaku ya dunia ya eneo, za kaskazini, za ikweta na za kusini, kwa hiyo yako inaweza kuwa iko ugenini tu. Jaribu kuigeuza iangalie upande mwingine wa chumba. Zile pete za sumaku kwenye shingo nyuma ya yoku usiziguse, zikishahama kuzirudisha ni kazi ya siku nzima. Na mwenye Sony Trinitron anayeona uzi mmoja au miwili myembamba ya kivuli imelala kwenye kioo, hiyo sio ugonjwa, ni waya zinazoshikilia wavu wa ndani usitikisike, ziliwekwa kiwandani.

Tyubu iliyochoka utaijua: picha hafifu inachukua dakika nyingi kuja, weupe unametameta kama fedha, nyuso zina mwanga mchafu, mara nyingi nyekundu ndo inatangulia kufa. Kuongeza mzunguko mmoja wa waya wa hita kunaipa miezi kadhaa na baada ya hapo basi. Na ukiona ule mpako wa kifedha ndani ya shingo umegeuka mweupe kama maziwa, hewa imeshaingia, hakuna fundi wa hiyo. Hapo chomoa yoku, flaibaki, soketi, posista na IC zake zote uweke kwenye boksi ukiandika zimetoka TV gani, na tyubu yenyewe usiivunje wala usiwaache watoto waipige mawe, kile kioo kina madini ya risasi na kikipasuka vipande vinaruka mbali kuliko unavyofikiri.